Viatu Vingapi Vyatosha Safari ya Meli?

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi. Tunaichapisha kwa ombi la wengi waliokuwapo ukumbini.)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mahali hapa, ambapo zamani nilisimama mara moja tu, tena kwa sababu niliitwa kueleza nani aliyevunja kioo cha bwalo. Leo nimeitwa kwa wema.

Katibu wa chama aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya safari za nje na faida zake kwa mtumishi wa umma. Ni kichwa kizuri, nami nilikaa jioni tatu nikijaribu kukiandikia. Kila nilipoanza nilijikuta naandika mambo ambayo ninyi nyote mnaweza kuyasoma gazetini. Kwa hiyo nimeamua kuja na jambo dogo, ambalo nalijua vizuri kwa kuwa limenigharimu. Nitazungumza juu ya viatu. Mtu anayekwenda safari ya meli, afungashe jozi ngapi?

Naona vijana wa kidato cha pili wanacheka. Chekeni tu. Hata mama watoto alicheka, na yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza wa habari hii.

Mwezi wa Novemba mwaka 2022 nilipata nafasi ya kwenda Cairo, Misri, kwa kozi ya wiki tano juu ya utunzaji wa maji, maana kazi yangu tangu nimalize Chuo Kikuu imekuwa katika mambo ya maji. Tulikuwa watu kumi na wanane kutoka nchi za bonde la mto Nile. Kabla hatujaondoka makwetu, mwenzetu mmoja wa Uganda alituandikia sote kutoa shauri: tubanebane posho zetu, na kozi itakapomalizika tupande meli ya watalii kutoka Luxor hadi Aswan, siku tano na usiku nne. Akaongeza kwamba katika meli hizo watu hula chakula cha jioni wakiwa nadhifu, hutembea sana mchana, na huogelea juu ya sitaha. Maneno hayo matatu, nadhifu, kutembea na kuogelea, ndiyo yaliyoniponza.

Usiku wa kufunga mizigo nilipanga viatu vyangu sebuleni kama gwaride. Kulikuwa na vyeusi vya ngozi vya ofisini. Kulikuwa na vya kahawia, vipya kabisa, vilivyonunuliwa kwa ajili ya chakula cha jioni. Kulikuwa na raba nyeupe, buti za kazi ninazovaa nikienda kukagua visima, makubazi, na ndala. Na mwisho wa mstari kulikuwa na jozi nyingine nyeusi ya ngozi, iwapo ile ya kwanza ingepata ajali. Jumla jozi saba.

Mama watoto akavuta kiti, akaketi kama hakimu wa mahakama ya mwanzo. Akaanza kuviuliza viatu, si mimi. "Wewe buti, unakwenda kuchimba nini Misri?" Nikajibu kwa niaba ya buti kwamba jangwani kuna mawe na nge. "Na wewe mweusi wa pili, mwenzio anaumwa?" Nikasema hapana, lakini huenda akaumwa. Binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, akahesabu kwa vidole kisha akasema, "Baba, meli ina siku tano na wewe una viatu saba." Nikamwambia akalale.

Uwanjani mizani ilisema kilo 29. Tiketi yangu iliruhusu 23. Ndugu zangu, mnajua aibu ya kufungua sanduku hadharani, watu wamepanga foleni nyuma yako wanatazama nguo zako za ndani? Nilitoa vitabu na majalada. Nikatoa buti. Nikatoa vyeusi vya akiba. Kulikuwa na dagaa wa ziwa letu, kilo mbili, niliokuwa nampelekea Mtanzania mwenzetu anayesoma kule; hao sikukubali kuwatoa. Shemeji yangu aliyenisindikiza akaondoka amebeba buti begani kama mtu aliyetoka vitani. Wazee walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Siku ile sikuiona nafuu hiyo. Niliingia ndegeni nimenuna.

Hapa yanipasa nieleze kwa nini mtu mzima, mwenye shahada, anuune kwa kuacha viatu. Habari yenyewe ilianzia hapa hapa shuleni.

Nilifika hapa Januari mwaka 1995, kuanza kidato cha kwanza. Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba, na mwaka ule pamba haikuleta kitu. Nilikuja na sanduku la bati, ndoo, godoro, na miguuni nilivaa katambuga. Vijana wa leo huenda hawazijui vizuri: ni kandambili zilizochongwa katika mpira wa gurudumu la gari. Ni imara mno. Hazikwishi upesi, nazo hupita katika miiba bila kujali. Lakini sheria ya shule ilitaka viatu vyeusi vya ngozi vya kamba, nami nilipewa wiki mbili kuvipata au nirudi nyumbani kuvitafuta. Sheria ilikuwa sheria, wala simlaumu mtu. Ila nilijua, kama vile mvuvi ajuavyo upepo, kwamba nikirudi nyumbani kutafuta viatu sitarejea. Kulikuwa na kaka yangu aliyekwisha kurudi hivyo kutoka shule nyingine, na mpaka sasa yuko shambani.

Kitanda cha juu yangu bwenini alilala kijana ambaye baba yake alifanya kazi katika reli. Alikuwa na jozi mbili. Usiku mmoja katika wiki ile ya pili, baada ya taa kuzimwa, nilisikia kitu kimewekwa juu ya sanduku langu. Asubuhi nikakuta viatu vyeusi, vimepigwa dawa. Hakusema neno, na kila nilipotaka kumshukuru aliuliza habari za hesabu za mwalimu fulani. Viatu vilikuwa vikubwa kwangu. Nikachana gazeti, nikalikunja, nikalisokota mbele kwenye vidole. Kwa gazeti hilo nilitembea mpaka katikati ya kidato cha tatu, soli zilipoachana na ngozi.

Sikumrudishia viatu, maana havikuwapo tena vya kurudisha. Na neno la shukrani sikulisema. Tulipomaliza kidato cha nne mwaka 1998, yeye akaenda kwao, mimi nikaendelea mbele. Miaka ikapita zaidi ya ishirini.

Mtu aliyelala njaa utotoni huweza kuficha chakula ukubwani, hata kama ghala limejaa. Mimi nilificha viatu. Mshahara wangu wa kwanza nilinunua viatu. Nikipandishwa cheo, viatu. Usiku ule wa kufunga mizigo, nyumbani kwangu palikuwa na jozi kumi na nne, na miguu niliyo nayo ni miwili.

Sasa turudi mtoni.

Kozi ilipomalizika tulisafiri kwenda Luxor, tukapanda meli. Msifikirie meli ya baharini. Ni chombo kirefu cha ghorofa nne, chini yake bapa, kinakwenda taratibu kiasi cha kuweza kumsalimu mkulima aliye ukingoni naye akaitika. Wakati wa kufunga gatini meli hupangwa ubavu kwa ubavu, nne au tano, hata abiria wa meli ya nje hupita ndani ya sebule za meli nyingine zote ili afike nchi kavu. Chumba changu kilikuwa safi, lakini kidogo. Nilipopanga jozi zangu tano sakafuni, mwenzangu wa chumba, mhandisi wa Ethiopia, mtu mzima kuliko sisi sote na mwenye cheo kuliko sisi sote, alilazimika kuruka ili afike kitandani.

Yeye alikuwa na jozi moja ya viatu vya kahawia vya ngozi laini, vyenye soli ya mpira, na ndala za kuogea. Basi. Kila jioni alivifuta vumbi kwa kitambaa, akavipiga dawa kidogo, akaviweka dirishani vipate hewa. Nilimwuliza kama haogopi vikimwaribikia njiani. Akasema vimeshonwa upya mara mbili na fundi yule yule wa Addis Ababa, na kwamba Misri nako kuna mafundi viatu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nafungasha kana kwamba nakwenda mahali ambapo watu hawana miguu.

Siku ya kwanza tulikwenda hekalu la Karnak. Ukumbi wake mkubwa una nguzo 134, na zile za katikati zina urefu wa mita zipatazo 21. Mimi, kwa kuwa tungepigwa picha, nilivaa vile vipya vya kahawia. Nilipofika nguzo ya kumi sikutazama tena juu. Nilitazama mahali pa kukaa. Jioni visigino vyangu vyote viwili vilikuwa na malengelenge. Somo la kwanza likaingia kwa njia ya ngozi.

Siku ya pili tukavuka kwenda upande wa magharibi, Bonde la Wafalme. Nilivaa raba, na raba ndiyo iliyoniokoa. Njia za kushukia makaburini ni za mteremko, zimetandikwa mbao, na vumbi la mawe ya chokaa ni jepesi kama unga. Nikakata tiketi ya kaburi la Tutankhamun, mfalme aliyefariki akiwa kijana wa miaka kumi na minane au kumi na tisa, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Kaburi hilo lilivumbuliwa na Howard Carter mwaka 1922, yaani miaka mia kamili kabla yangu kufika.

Kiongozi wetu alitueleza jinsi kaburi lile dogo lilivyokuwa limesheheni vitu vya safari ya kuzimu: vyakula, vitanda, magari ya farasi, fimbo za kutembelea zaidi ya mia, na viatu. Viatu makumi kwa makumi. Ndara za majani yaliyosukwa, ndara za ngozi, na ndara za dhahabu ambazo maiti alivalishwa. Jozi moja ilichorwa adui zake juu ya nyayo, wamefungwa kamba, ili kila akipiga hatua awakanyage. Wataalamu waliomchunguza walichapisha mwaka 2010 kwamba mguu wake wa kushoto ulikuwa na kasoro. Wengine hawakubaliani nao. Lakini hata awe mzima kiasi gani, viatu vyote vile mtu mmoja angevimaliza lini?

Vitu vyake sasa vimo katika jumba kubwa jipya la makumbusho karibu na mapiramidi ya Giza, lililofunguliwa rasmi Novemba 2025. Lakini mwenyewe yuko kaburini mwake bado. Amelazwa ndani ya sanduku la kioo, amefunikwa shuka, isipokuwa uso na nyayo. Nilisimama upande wa miguu. Nyayo ni nyeusi, ndogo, kama za mwanafunzi wa kidato cha tatu, na hazina kitu. Aliyefungasha viatu vingi kuliko wasafiri wote ninaowajua, amelala peku.

Nikakumbuka gazeti nililosokota mbele ya kiatu. Sijui kwa nini lilikuja pale, mbele ya watalii wa mataifa yote, lakini lilikuja, na nikatoka nje kabla ya wenzangu.

Safari ikaendelea. Kwenye mlango wa maji wa Esna wachuuzi walitufuata kwa vimashua, wakirusha nguo zilizofungwa hata zikafika kwenye sitaha ya juu. Ukitaka unatumbukiza fedha ndani ya mfuko na kuzirusha chini, usipotaka unarudisha nguo. Huko Edfu tulipanda magari ya farasi kwenda hekalu la Horus, lililoanza kujengwa mwaka 237 kabla ya Kristo na kumalizika mwaka 57 kabla ya Kristo. Huko Kom Ombo tukaona mamba waliokaushwa, waliokuwa wakiheshimiwa zamani. Na usiku ule ambao mimi niliununulia viatu vya kahawia, usiku wa chakula cha jioni chenyewe, meli ilitangaza kwamba wageni wote wavae kanzu za Kimisri. Basi wote tukala tumevaa kanzu na makubazi, na viatu vyangu vya fahari vikabaki chini ya kitanda vikisikiliza ngoma kwa mbali.

Aswan tulilitazama Bwawa Kuu, lililojengwa kati ya mwaka 1960 na 1970, lenye kimo cha mita 111. Asubuhi ya mwisho niliamka mapema, nikapanda juu ya sitaha peku. Mbao zilikuwa za baridi, mto umetulia. Sisi watu wa ziwa hili hupenda kusema kwamba Nile ni maji yetu, na ni kweli kwamba Speke aliliona ziwa letu akiwa upande huu wa Mwanza mwaka 1858, akaamini kuwa ndilo chanzo. Yule mhandisi alikuwa amenikumbusha usiku, kwa upole, kwamba takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Misri hutoka nyanda za juu za kwao. Haidhuru. Hata iwe sehemu ndogo, sehemu hiyo ilipita mbele ya shule hii. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nikaamua pale pale kwamba nikifika nyumbani nitamtafuta yule mwenzangu.

Kabla sijamalizia hilo, niwape vijana kile walichoahidiwa, yaani jibu la swali. Siku moja nanyi mtasafiri, na ushauri huu mtaukumbuka.

Kwanza, hesabu kazi, usihesabu siku. Siku tano hazitaki jozi tano. Jiulize: nitatembea wapi, nitakula na nani, nitakanyaga maji wapi? Kila kazi iwe na kiatu kimoja, na kiatu kimoja kikiweza kazi mbili, ni bora zaidi.

Pili, kiatu kipya kisianzie safarini. Kivae nyumbani wiki mbili, kigombane na miguu yako mkiwa wawili tu.

Tatu, kilicho kizito kuliko vyote kivae, chepesi ukifungashe. Na kiatu kilicho sandukuni kisikae kitupu: soksi, mkanda, na chupa ndogo ya dawa vyote hukaa ndani yake. Kitie katika mfuko wake, nguo zisichafuke.

Nne, ujue chombo unachopanda. Mtoni hakuna mawimbi. Lakini katika meli kubwa za baharini sakafu huyumba na sitaha hulowana, kwa hiyo soli iwe ya mpira, isiwe ya ngozi inayoteleza. Meli nyingine za namna hiyo huwa na usiku rasmi wa koti na tai. Hapo kiatu cheusi kina haki yake. Uliza mapema. Na meli ya baharini inapoondoka abiria hufanyishwa zoezi la hatari. Siku hiyo vaa kiatu unachoweza kukimbia nacho ngazini.

Tano, ukienda nchi ya misikiti mizuri, chukua kiatu kinachovuka kwa urahisi. Huko Cairo, mlangoni mwa msikiti wa Muhammad Ali, niliwachelewesha watu kumi na saba nikifungua kamba.

Kwa hiyo jibu langu ni jozi tatu: ya kutembelea, ya kulia chakula na watu, na ya majini. Moja katika hizo unayo miguuni, sandukuni zimo mbili. Mwenye mguu mgonjwa, au aliyeagizwa na daktari, ana ruhusa yake. Lakini kwa mtu mzima wa afya, jozi ya nne ni ya woga. Mimi nilikuwa na nne za woga.

Sasa nimalizie. Niliporudi nilimwomba Katibu anipekulie daftari la wanachama. Mwenzangu alipatikana Ukerewe, ni fundi wa injini za boti. Mwaka 2023 nikapanda kivuko kwenda Nansio, nikiwa na jozi mpya ya viatu vyeusi ndani ya boksi. Nilimkuta karakanani amevaa ndala, mikono ina oili. Tukakumbatiana nikachafuka shati. Tulipokwisha kula nikamwambia habari yote, niliyowaambia ninyi hapa, na sauti haikunitii vizuri. Akanisikiliza, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Wewe bwana," akasema, "vile viatu vilikuwa vikinibana. Nilikuwa natafuta mtu wa kumtwika."

Ndugu zangu, sijui kama alisema kweli au alisema kwa adabu. Vilikuwa vikubwa kwangu, basi yawezekana vilikuwa vidogo kwake. Nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi. Yeye mwenyewe yumo humu ukumbini, na amenikataza kumtaja jina, wala msigeuke kutafuta.

Akafungua boksi, akajaribu vile nilivyomletea. Navyo havikumwenea. Akamwita kijana wake wa sekondari, akavivaa, vikampwaya kidogo. Baba yake hakusema kitu. Alinyosha mkono rafuni, akachukua gazeti, akalichana katikati, akalikunja, akalisokota mbele kwenye vidole.

Ndugu Mwenyekiti, nina shauri moja tu la kuleta mbele ya mkutano. Asubuhi ya leo, wanafunzi walipopanga mstari, sisi wazee tulitazama nyuso tukitafuta watoto wa watu tunaowajua. Mimi nilitazama chini. Sitasema nimeona nini, kwa kuwa wenyewe wamo humu. Nashauri kila mwanachama atakayekuja mkutano ujao alete jozi moja nyeusi ya ngozi, ya kamba, yenye soli nzima. Isiwe ile uliyochoka nayo. Iwe ile ya nne. Ziwekwe stoo chini ya mwalimu mmoja, kwa namba, kuanzia 38 hadi 44, na mwanafunzi asidaiwe barua ya mtendaji wala maelezo ya umaskini wa baba yake. Mimi yangu nimeileta leo, namba 42. Imo ndani ya gari.

Na zisigawiwe mstarini mbele ya watu wakipiga makofi. Aliyenipa mimi alisubiri taa zizimwe.